Kontena Mbili za Port Sudan

Fomu ya bima ina kisanduku kimoja chembamba kinachouliza chanzo cha hasara. Ami aliikalia fomu hiyo tangu adhuhuri mpaka ikaadhiniwa alasiri, kalamu mkononi, asiandike neno. Chai yake haikuungua. Haikulowa, haikuibwa, wala meli haikuzama nayo. Ilikuwa nzima vilevile ilivyotoka godauni, kontena moja imelala bandarini Kilindini, Mombasa, na ya pili imelala Jeddah, na pesa zake hakuna aliyejua zitarudi lini. Mwisho akanisukumia karatasi. "Mwanangu, mahala hapa huandikwa nini?"

Mimi ndiye mshika hati wake. Kila karatasi ya shehena ile ilipita mkononi mwangu: ankara, orodha ya magunia, cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili ya bidhaa, hati ya shehena. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa sikuyasikia redioni, ingawa yalianzia redioni. Ami ameniruhusu kuyaandika kwa sharti kwamba lisitajwe jina lake, la kampuni yake, wala la mteja wake.

Ami si tajiri wa chai. Ana godauni la kukodi Shimanzi, vijana sita, mashine moja ya kuchanganyia aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na meza ndefu yenye safu ya vikombe vyeupe vya kuonjea. Shambani hajawahi kuchuma hata jani. Hununua mnadani. Mnada huu ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na siku hizi wanunuzi hubofya kompyuta badala ya kupigiana kelele ukumbini. Wengi hudhani kinachouzwa pale ni chai ya Kenya peke yake. Sivyo. Huja chai ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi, ya Tanzania, ya Malawi, na yote huuzwa kwa dola ya Marekani. Hilo tuliweke kando kwanza, tutalihitaji mbele.

Kazi ya Ami ni kuchanganya. Huichota chai akaitia kiganjani, akaipulizia pumzi yenye joto, kisha akainusa kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto. Mteja wake wa Sudan alitaka kitu kimoja miaka yote: PF1 iliyotiwa PD kidogo, madaraja ya chai ya chembe ndogo, mchanganyo unaotoa rangi upesi na kubaki nzito hata ikitiwa sukari vijiko vinne. Khartoum kabla ya vita, kila pembe ya mtaa ulimkuta mwanamke amekaa juu ya kibao, mbele yake jiko la makaa, birika, vikopo vya karafuu na tangawizi, kishada cha nanaa na glasi ndogondogo. Huitwa sitti-shai, bibi wa chai. Kwa hesabu ya Ami, wanawake wale ndio waliokuwa wateja wake wa kweli. Yule wa Omdurman aliyekuwa akilipa ankara alikuwa mjumbe wao tu.

Kisha, tarehe 15 Aprili 2023, majenerali wawili waliopindua serikali kwa pamoja Oktoba 2021 wakageukiana: Abdel Fattah al-Burhan wa jeshi, na Mohamed Hamdan Dagalo, yule Hemedti, wa wanamgambo wa RSF. Ghala la mteja huko Omdurman liliporwa miezi ya mwanzo. Mwenyewe alisema waliopora ni RSF. Akakimbilia Port Sudan na familia yake, mji ambao serikali ya Burhan nayo ilihamia, akaanza upya na chumba kimoja karibu na soko. Ami alimpelekea chai kwa mkopo mara mbili, na mara zote mbili akalipa, tena kabla ya siku tuliyopatana. Mambo ya namna hiyo hayamo kwenye vitabu vya benki, lakini ndiyo yaliyomfanya Ami afanye alichofanya Februari 2025.

Dalili zilikuwapo, na hazikuwa moja. Juni 2023 IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe na Mashariki ya Afrika, iliiweka Kenya mbele ya kundi la nchi nne za kusuluhisha vita vile. Serikali ya Burhan ikaikataa Kenya hadharani, ikidai Nairobi ina upande wake. Januari 2024 Rais William Ruto akampokea Hemedti, na kabla mwezi haujaisha Sudan ikasimamisha uanachama wake wa IGAD. Sisi wa chai tuliyasoma hayo kama mtu asomavyo matokeo ya ligi ya nchi nyingine. Meli zilikuwa zinakwenda, ankara zinalipwa, basi.

Tarehe 18 Februari 2025 jumba la mikutano la KICC, Nairobi, likafunguliwa kwa RSF na washirika wao. Alikuwapo Abdelrahim Dagalo, nduguye Hemedti. Alikuwapo Abdelaziz al-Hilu wa kundi la waasi la SPLM-N. Siku chache baadaye wakatia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao wenyewe, ishindane na ile ya Port Sudan. Balozi wa Sudan akaitwa kwao. Musalia Mudavadi, waziri wetu wa mambo ya nje, akajibu kwamba Kenya inatoa jukwaa tu, haina nia nyingine, na kwamba kuwapa nafasi wanaogombana ni desturi yetu ya tangu zamani.

Siku hizo kontena ya kwanza ilikuwa imeshaondoka Kilindini. Ya pili ilikuwa bado magunia, yamepangwa sakafuni pale Shimanzi.

Ami alikuwa na siku kadhaa za kusimamisha magunia yale palepale, nami nilikuwapo, wala hakuna aliyesema tungoje. Benki ilikuwa imetoa pesa za mnada kwa ovadrafti, na riba haingoji mabalozi wapatane. Mteja alikuwa ametanguliza theluthi ya bei. Ramadhani ilikuwa mlangoni na Idd mwezi mmoja mbele yake, na chai inayofika Idd imekwisha haina haraka ya mtu. Ami akapiga simu Port Sudan. Mteja akamwambia bandarini kwao hakuna kilichobadilika, alete. Mimi habari ya balozi nilikuwa nimeisoma asubuhi ile kwenye simu, nikiwa ndani ya matatu nimebanwa baina ya mama mmoja na kapu lake la samaki. Nilifika, nikavua kofia, nikaketi kujaza cheti cha asili ya bidhaa. Mchanganyo ule ulikuwa wa Kenya mtupu. Kwenye nafasi ya nchi nikaandika KENYA, herufi kubwa, kama nilivyokwisha kuandika mara zisizo idadi.

Kontena ikajazwa, ikatiwa sili, ikaingia bandarini wiki ya kwanza ya mfungo.

Tulipoingia kumi la pili la Ramadhani, katikati ya Machi, ikaja picha kwenye simu ya Ami. Ilikuwa barua ya wizara ya biashara ya Sudan, yenye muhuri. Mteja aliituma bila maneno. Ami alisoma chuoni akiwa mdogo na Kiarabu chake kinatosha kwa barua, akaisoma taratibu kwa sauti: kusimamishwa kwa bidhaa zote zinazokuja kutoka Kenya, kupitia bandari zote, mipaka yote na viwanja vyote vya ndege, kuanzia siku hiyo mpaka itakapotangazwa vingine. Sababu ni Kenya kuwakaribisha RSF. Alipofika kwenye "zinazokuja kutoka Kenya" akarudi nyuma, akasoma tena. "Zinazokuja. Haya, zinazokuja ni zilizolimwa Kenya, au ni zilizopakiwa Kenya?" Hakuna aliyemjibu. Niliona swali lile kama la mtu aliyechanganyikiwa. Miezi baadaye nilijua alikuwa mbele yetu sote.

Kontena ya Kilindini ilikuwa taabu ya hati. Mzigo uliokwisha kuidhinishwa kwenda nje haurudi kwa kubebwa tu mabegani. Idhini ya forodha ifutwe, kampuni ya meli ikubali kuachia nafasi, bandari ilipwe siku ilizolala, lori la kuirudisha litafutwe. Kila dirisha lilitaka barua ya dirisha jingine kwanza. Sitaki kuwalaumu waliokuwa nyuma ya vioo vile. Amri haikutoka kwao, na wengine walikuwa wamefunga kama sisi na mbele yao kuna foleni ya watu wenye shida ileile. Siku ilipofika godauni Ami aliikata sili mwenyewe. Machi ya Mombasa mnaijua, bati la kontena huwezi kuliwekea mkono. Joto lilitoka ndani kama mlango wa tanuri, likachukua harufu ya karatasi na chai. Alipasua gunia la nyuma kabisa, akatia kiganja, akapulizia, akanusa. Akakaa juu ya gunia. "Haijafa," akasema. "Lakini imechoka." Chai haiozi upesi, hunywa tu unyevu na harufu ya kila kilicho jirani, na bei hushuka kidogo kidogo bila mtu kuona. Aliiuza mwezi wa Mei kwa mnunuzi wa hapahapa anayefunga paketi za dukani.

Ya Jeddah ndiyo iliyomla.

Jeddah na Port Sudan zinatazamana. Bahari iliyo katikati ni safari ya usiku mmoja. Kontena ilikuwa imeshushwa pale ingoje meli ndogo ya kuivusha, na meli ndogo ikakataa kuipokea baada ya amri. Kuirudisha Mombasa maana yake ni kuipitisha tena Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Novemba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walikuwa wameiteka meli ya Galaxy Leader, na tangu hapo kampuni nyingi za meli zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema na nauli za Bahari ya Shamu zikawa hazishikiki. Mwanzoni mwa 2025 hali ilikuwa imetulia kidogo. Kisha tarehe 15 Machi, siku mbili tatu baada ya barua ya Port Sudan, Marekani ikaanza kuwapiga mabomu Wahouthi. Nauli tuliyotajiwa, ukiongeza na demereji, ada ya kontena kukawia bandarini, iliyokuwa inahesabiwa kila kukicha, ilikuwa imekwisha kuila faida yote na kuanza kuuguguna mtaji.

Hapo Ami alikosea, na nimemwambia. Angeuza Jeddah wiki ileile, hata kwa bei ya kutupa. Hakuuza. Alingoja. Aliamini kwamba marais watapigiana simu, kwamba Idd itawalainisha, kwamba serikali haiwezi kuacha watu wake bila chai mfungo mzima. Kila usiku baada ya tarawehe alinituma nikamtazamie kama kuna tangazo. Likapita kumi la pili, likapita la mwisho, tukasali Idd. Mwishowe chai ile ikanunuliwa na mfanyabiashara wa palepale Jeddah, kwa bei ambayo Ami ameniomba nisiiandike. Demereji ililipwa kwanza, yeye akapata kilichobaki.

Na mteja? Theluthi aliyotanguliza ilikuwa imekwama nayo. Alituma sauti moja ndefu kwenye simu. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililouma. Alisema ghala lake la Omdurman liliporwa na watu walewale aliowaona kwenye televisheni wamekaa viti vya mbele mjini Nairobi, na kwamba watoto wake walimwuliza kama Kenya si ile nchi ya rafiki yake wa chai. Ami aliisikiliza mara moja tu. Akaanza kumrudishia zile pesa kwa mafungu, naye kwa ile ya Jeddah hadaiwi na sheria yoyote, kwa kuwa mkataba wao ulisema mzigo ukishapanda meli hatari ni ya mnunuzi.

Barazani kwetu, Mji wa Kale, kisa hiki kilizungumzwa mwezi mzima baina ya kahawa tungu na kashata. Kuli mmoja wa zamani, aliyestaafu na mgongo mbovu, alikata shauri usiku wa kwanza: "Ndovu wawili wakisongana ziumiazo ni nyika." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia, nikaonekana mjuaji. Methali ile inafaa pale nyika ilipokuwa imekaa mahali pake, ndovu wakaja wenyewe. Hapa ndovu mmoja alipewa ukumbi, maji ya chupa na walinzi, tena katika jumba ambalo sisi ndio tunaolilipia kodi.

Kijana mmoja anayesoma chuo kikuu alinijibu vizuri, na hoja yake nitaitaja kwa haki. Alisema nyinyi watu wa chai mnamlilia Burhan kama kwamba ni serikali ya halali. Si yeye huyohuyo aliyepindua pamoja na Hemedti? Si Marekani iliyosema Januari 2025 kwamba RSF wamefanya mauaji ya kimbari, na siku tisa baadaye ikamwekea Burhan naye vikwazo? Kwa nini Kenya iombe ruhusa ya mpinduzi kabla ya kumpokea mpinduzi mwenziwe?

Ni kweli, na hakuna malaika katika vita vile. Zaidi ya watu milioni 12 wamehama makwao, na njaa ilitangazwa rasmi katika kambi ya Zamzam, Darfur, Agosti 2024. Ukilinganisha na hayo, kontena mbili za chai ni kitu cha kuonea aibu kukiandikia makala.

Lakini hoja ya kijana inajibu swali ambalo mimi sikuliuliza. Sikuuliza nani mwema Sudan. Niliuliza Kenya ilikuwa inauza nini miaka yote, na Februari ile iliuza nini. Julai 2002 pale Machakos, kisha Naivasha, jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo aliwakalisha serikali ya Khartoum na waasi wa SPLM wa John Garang. Walikasirikiana, wakatoka, wakarudi, na tarehe 9 Januari 2005 wakatia sahihi Nairobi mkataba uliomaliza vita vya zaidi ya miaka ishirini. Kila upande ulikuwa na sababu ya kuitilia Kenya shaka, lakini wote wawili walikuwa chumbani. Sifa ile ilikuwa na thamani hata hapa bandarini, ingawa hakuna aliyeipimia bei. Msudani alinunua chai ya Mombasa akijua anashughulika na nchi isiyomtaka mabaya. Mudavadi aliposema kuwapa nafasi wanaogombana ni desturi yetu, alikuwa anatoa hundi kwenye akaunti ya Naivasha. KICC alikaa mgombanaji mmoja, na alilokuja kulifanya halikuwa kuzungumza na mwenziwe.

Sehemu ya pili ya ushahidi wangu ni Uganda. Baina ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 Hemedti alizunguka: Uganda, Ethiopia, Djibouti, Kenya, Afrika Kusini, Rwanda. Wote walimpa mkono, wote wakapigwa picha naye. Port Sudan ilinung'unika, ikapita. Ingekuwa kosa ni kumpokea mtu, marufuku zingekuwa sita. Lililoitofautisha Kenya ni lile la kuwapa watu uwanja wa kutangaza serikali ya pili ya nchi ya wenyewe, na hilo si Burhan peke yake aliyeliona. Mapema Machi hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilieleza wasiwasi wake juu ya mkataba ule.

Kwa nini basi ilifanyika? Barazani jibu ni moja, Imarati, zile Falme za Kiarabu. Watu wanakumbuka kwamba tarehe 14 Januari 2025 Kenya ilitia sahihi Abu Dhabi mkataba mkubwa wa biashara na Imarati, na kwamba Imarati imeshutumiwa kwa muda mrefu kuwapa RSF silaha, shutuma ambayo inaikanusha. Tarehe hizo zikiwekwa pamoja zinavutia. Mimi sipendi kuzifunga kwa kamba moja, kwa sababu nimefanya kazi ya hati na najua karatasi mbili zenye tarehe za kukaribiana si lazima ziwe za shehena moja. Ila nasema hivi: kama kulikuwa na hesabu ya faida, sijasikia aliyetuonyesha, na ile ya hasara ninayo mimi kwenye faili la kijani.

Mambo ya nje, kwa katiba yetu, ni ya serikali kuu. Gavana hana neno, mnada hauna neno, Ami ndio kabisa. Sidhani kama yafaa kuwa vingine. Kila bandari ikiwa na sera yake ya nje tutakuwa na nchi arubaini na saba. Linalonikera ni dogo kuliko hilo. Wiki nzima ile ya mkutano, hakuna ofisi yoyote iliyotuma hata ujumbe wa mistari miwili kwa wasafirishaji wa chai, kuwaambia wenye mizigo ya Sudan wapunguze mwendo. Sudan ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa chai yetu, haikuhitaji mpelelezi kuligundua hilo. Mkulima wa Murang'a mwenye robo ekari ya michai hatajua kamwe ni siku gani bei yake ilipoguswa na ukumbi wa KICC. Ataona tu bonasi.

Turudi kwenye fomu. Bima aliyokuwa nayo Ami ilikuwa nzuri kwa moto, maji, wizi na kuzama. Alikuwa amelipia hata bima ya vita, kwa ajili ya Wahouthi. Bima ya vita hulipa kombora likitua juu ya kontena. Barua ya waziri si kombora, na kuchelewa au kukosa soko hakumo. Nilimwambia yote hayo, akasema anajua, ila fomu ataijaza, kwa kuwa ada alilipa. Aliandika maneno matatu: Mkutano wa Nairobi. Baada ya siku kumi binti mmoja wa ofisi ya bima akapiga simu, mpole, akauliza mkutano gani, mzee, na kama kuna nambari ya ripoti ya polisi. Ami akamshukuru, akakata simu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani. Jibu la kukataa lilikuja kwa barua.

Miezi ikapita. Siku moja mteja akapiga, wakasalimiana kirefu kama zamani, hali ya watoto, hali ya mji. Mei droni zilikuwa zimeipiga Port Sudan yenyewe siku kadhaa mfululizo. Yeye na wake walikuwa salama. Kisha akauliza taratibu: mnada wenu si huuza chai ya Uganda? Alikuwa amezungumza na watu wa forodha ya kwao. Kwa alivyoelewa, wao hutazama cheti cha asili, na cheti kikitoka Kampala hakuna aliyekatazwa. Zinazokuja kutoka Kenya, kwa tafsiri yao, ni zilizolimwa Kenya. Ami alinitazama juu ya miwani. Hakusema nilikuambia.

Tukanunua chai ya Uganda. Mnada uleule, dola zilezile. Imechanganywa Shimanzi kwa mashine ileile na vijana walewale. Ladha si ya zamani, Ami analalamika haina ule uzito, lakini rangi inatoka. Cheti safari hii kilitoka kwao, sikukiandika mimi. Mteja aliomba jambo moja la ziada, kwamba magunia yasiandikwe mahali yalipofungwa. Kila gunia la Ami, tangu nilipoanza kazi, huwa na mistari mitatu ya wino mweusi: daraja la chai, uzito, na chini yake, Mombasa. Kijana anayepiga chapa alikuwa amekwisha kukata kadibodi ya herufi. Aliishika ile ya mstari wa tatu, akauliza hapa aweke nini.

Ami alikuwa anaonja. Alitema kwenye ndoo, akafuta mdomo.

"Pawache wazi," akamwambia.